Mwaka Tulioziba Nyota kwa Nta

"Huyu hatafika Noeli." Diregiteri wa shule alisema hivyo mbele yangu, si nyuma yangu, asubuhi ya kwanza kabisa, akiwa ameishika diploma yangu kwa vidole viwili kana kwamba imepakwa mafuta. "Diploma ya Kampala. Ni muzuri. Lakini hapa hakuna laboratwari, kijana. Hapa kuna ubao, chaki na batoto benye njaa. Utafundisha sayansi na nini?" Mwalimu wa darasa la tano, aliyekuwa anakunywa chai pembeni, akaongeza kwamba watu wanaorudi kutoka nje hudumu kadiri ya viatu vyao, mawe ya Goma yakimaliza soli, nao wanaondoka. Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Niliichukua diploma yangu, nikaikunja, nikauliza darasa la sita liko wapi. Nilifika Noeli, nikafika Pasaka, nikafika mwisho wa mwaka, na leo nina shahada ya pili ukutani na shule yangu mwenyewe yenye madirisha ya vioo. Nayasema haya wazi kwa sababu ni kweli na kwa sababu hakuna aliyenisukuma kutoka nyuma. Wazazi wangu, ukoo wangu, mahali nilipozaliwa, hayo yana sura zake mahali pengine. Hapa nataka kuandika mwaka mmoja tu.

Mwezi uliopita tulimzika diregiteri huyo. Matanga yalikuwa uani kwake Ndosho, viti vya plastiki vimepangwa juu ya mawe meusi, chai ya rangi na mandazi vikizungushwa kwenye sinia. Mwanamke mmoja mrefu aliingia, akasalimu wafiwa, kisha akaja moja kwa moja kwangu na kunipa mikono yote miwili. "Mwalimu, batu banasema ulishakuwa mukubwa. Ungali unatukumbuka?" Nilimjua kabla hajamaliza. Alikuwa Furaha, aliyekaa benchi la mbele upande wa mlango mwaka ule, na sasa ni muuguzi. Nikamwambia walimu wengine husahau, mimi sisahau. Akakaa karibu nami. Nilipomuuliza habari za baba yake, aliweka kikombe chini. "Eko. Alirudiaka Masisi, akakimbia tena. Akarudia, akakimbia tena. Sasa anasema hata bakimuambia kule kumetulia, miguu yake inakataa." Watu waliimba, mvua ikatisha kunyesha, na mimi nikawa nimekaa pale matangani lakini akili yangu iko kwenye chumba nilichopanga mwaka ule, nyuma ya duka la Mama Kavira.

Mama Kavira alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye kuuza unga wa muhogo, maharagi, chumvi na mafuta ya ngazi, yaani mawese. Ukuta kati ya kitanda changu na duka lake ulikuwa wa mbao, na mbao za Goma zikikauka huachana. Nilisikia kila kitu. Jioni nikila bugali na sambaza zangu, samaki wadogo wa ziwa wanaokaangwa wakiwa wazima na vichwa vyao, ndipo wanawake wa jirani walipokuja kununua na kunizungumzia. "Ule mupangaji wangu, nilimuuliza leo anafundishaka nini," Mama Kavira alisema jioni moja. "Ananijibu: nyota. Nikamuuliza, inauzwaka kilo ngapi?" Walicheka mpaka mizani ikalia. Mwingine akasema: "Umuachilie, Mama Kavira. Kampala ilimuharibia kichwa. Muzima hawezi kuacha Kampala kuja kula sambaza hapa." Nilitafuna sambaza zangu taratibu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na niliamini kwamba siku moja wanawake wale wangenunua chumvi huku wakinitaja kwa heshima. Nilikuwa sahihi, lakini sikujua ingepita njia gani.

Nusu ya vyumba vya shule vilikuwa vimechukuliwa na watu waliokimbia vita milimani Masisi. Walilala humo, walipika humo, watoto walizaliwa humo. Ukuta wa darasa langu ulikuwa wa mbao vilevile, kwa hiyo nilifundisha nikishindana na kikohozi, na sufuria zinazosuguliwa kwa majivu, na mtu anayesali na mtu anayemkataza mtoto kulia. Watoto wa darasa la sita walikuwa wanazitaja sayari kwa Kifaransa kama wanaosali, kwa sauti moja, macho yamefumbwa, wala hakuna aliyewahi kujiuliza ni vitu gani. Siku ya pili niliwatoa nje. Tuliweka kabichi moja kubwa mlangoni liwe Jua, mtoto mmoja akashika punje ya mtama akaenda mbali kuwa Dunia, mwingine akashika kiazi akavuka barabara kuwa Mshtarii, na waendesha pikipiki wakasimama kuuliza kama ni msiba au ni maombi. Tulikata chupa za plastiki kupima mvua. Tulitandaza kitambaa cheupe juu ya paa kuona majivu ya volkano yanayoanguka wakati Nyiragongo inapofuka, tukayaosha kitambaani na kuyatazama kwenye sahani. Diregiteri alitazama kupitia dirisha na kusema: "Hapa ni shule ao ni jiko?"

Ndipo nikapata wazo la hema. Nilitaka watoto wale, ambao jioni hufungiwa ndani kwa sababu ya bunduki, waone anga lote mchana, siku ya sherehe ya shule. Nilihitaji bashi nyeusi, yaani maturubai mazito, na nilihitaji mbao. Sikuwa na chochote, kwa hiyo nilikopa kwa mdomo wangu. Mama Kavira alikuwa na bashi mbili kubwa za kufunikia magunia malori yanapofika. Nilimwomba jioni tatu mfululizo kupitia ule ukuta wake, mpaka akachoka: "Kamata! Lakini sherehe ikiisha, bashi inarudi siku ileile. Maharagi yangu ikilowana, utaikula yote." Papa Elie, fundi mbao mwenye karakana yake karibu na shule, alinipa mbao na mihimili. Kituku, kwenye mitumbwi ya wavuvi, Muzee Bagalwa alinikopesha taa yake ya kuvulia sambaza, nikamwambia itakuwa Jua. "Jua yangu?" alisema. "Basi uniangalishie Jua yangu, kijana. Bila iyo, mimi siko muvuvi, niko mutu tu mwenye mutumbwi."

Ua wa shule yetu ni lava tupu, mwamba mweusi uliopoa tangu mlipuko wa zamani. Kigingi hakiingii. Hema la kawaida lisingesimama pale hata siku moja. Papa Elie nami tulikaa juu ya mwamba ule jioni nzima tukibishana, na mwisho tukaunda fremu inayosimama yenyewe: kila mguu una ubao wa kulala chini, na juu ya ubao unapanga mawe mpaka upepo uchoke. Nasema bila kuona haya kwamba sijaona fremu bora kuliko ile. Watoto wakatoboa bashi kwa misumari. Kila tundu lilikuwa na mahali pake. Walitoboa Msalaba wa Kusini, wakatoboa Kilimia, na Furaha ndiye aliyetoboa Kilimia, kwa sababu alisema babu yake huko Masisi alikuwa anaitazama kabla ya kupanda maharagi. Mchana wa majaribio jua lilikuwa kali. Tuliingia, nikashusha pazia, na giza likawa giza. Kisha mwanga wa nje ukapenya kwenye matundu, nyota moja moja, mpaka anga lote likawaka juu ya vichwa vyetu. Upande wa pili wa turubai tulisikia mwanamke akikuna muhogo. Hata diregiteri aliinama akaingia, akakaa chini na suti yake, na alipotoka alifuta magoti na kuniambia kwamba inspekteri anakuja na wazazi wataalikwa, na kwamba kitu hiki kikimpendeza, nitaingizwa kwenye mshahara wa Leta, yaani wa serikali. Kwa mwalimu wa Goma hilo lilikuwa sawa na kuambiwa kwamba kuanzia leo wewe ni mtu.

Wiki hiyohiyo nilifundisha somo la mazuku. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa neno hilo, lakini wengine wasome: ni hewa inayotoka ardhini kwenye mabonde ya lava, hasa upande wa magharibi kuelekea Mugunga. Haina rangi wala harufu. Inalala chini kama maji, na anayelala ndani yake haamki. Wazee husema ni upepo mbaya unaotembea. Wengine husema inatumwa. Niliweka bikaboneti ya kupikia maharagi kwenye beseni, nikakamulia ndimu, povu likapanda na kutulia. Kisha nikachukua kikombe, nikachota ndani ya beseni, ambamo macho hayaoni kitu, nikakimimina juu ya mshumaa unaowaka. Mshumaa ukazimika. Watoto waliruka nyuma. "Mwalimu amemimina upepo!" "Ni uchawi!" "Si uchawi," niliwaambia, "ni uzito. Hewa hii ni nzito kuliko ile mnayovuta, ndiyo maana inakaa shimoni." Nikawaonyesha Zuhura kwenye picha, ile inayong'aa juu ya ziwa jioni kabla ya nyota zote, nikawaambia kwamba hewa yake karibu yote ni hii hii. Mvulana mmoja akashika kichwa: "Kumbe ile yote inangaaka vile ni mazuku muzima? Mungu aliiwekea nani kule?" "Wale banachelewaka ku masomo!" mwingine akajibu, na darasa likapasuka kwa kicheko. Furaha peke yake hakucheka. Alisubiri wenzake watoke, akasimama mezani kwangu. "Mwalimu, kwetu tuko mu shimo. Asubuhi kuku zote zilikuwa zimekufa. Papa anasema ni ugonjwa."

Tulikwenda baada ya masomo, mimi, Furaha na wenzake wachache, tukiwa na mshumaa ndani ya kopo na kamba na mti mrefu. Niliwaweka watoto juu ukingoni na kuwakataza kushuka. Bonde lenyewe lilikuwa zuri, nakumbuka nilivyoshangaa. Kila mahali pengine palikuwa mwamba mkali, lakini mle ndani kulikuwa na udongo laini, majani mabichi, joto kidogo, na upepo wa ziwa haukuingia. Familia ilikuwa imejenga kibanda cha majani katikati, na ndama mmoja alikuwa amefungwa karibu na mlango. Papa Furaha alikuwa mchungaji wa ng'ombe. Kati ya kundi lake lote, ndama yule ndiye aliyemleta Goma. Alinipokea kwa heshima, Mama Furaha akanipa kiazi cha kuchoma kwenye jani, na nilikila nimesimama. "Mwalimu, kwetu ku milima upepo inaua ndama kuliko chui," Papa Furaha aliniambia. "Mutu mwenye akili analaza ndama mu shimo. Batu ba hapa beko wajinga, wanaachilia fasi muzuri kama iyi wanalala juu ya mawe." Ndivyo walivyofanya wengi wa Masisi mwaka ule. Kila walichojifunza kwa baba zao kiliwapeleka kwenye mashimo.

Niliwasha mshumaa kwenye kopo na kuushusha kwa mti, polepole, karibu na mahali walipotandika mikeka. Kwenye urefu wa kiuno uliwaka. Kwenye urefu wa goti ulilala upande, ukawa mdogo, ukazimika bila moshi kucheza. "Upepo," alisema. Niliuwasha tena, nikamwomba aweke mkono wake pale aone kama kuna upepo. Hapakuwa na upepo. Ukazimika tena palepale. Nilimweleza kwamba hewa ile huja na kuondoka, upepo ukivuma inatawanyika, lakini alfajiri isiyo na upepo inapanda, na watoto wanaolala chini ndio wanaozama kwanza. Yeye mwenyewe akachukua ule mti mikononi mwangu, akawasha, akashusha upande wa ndama. Ukazimika. Akashusha mlangoni. Ukazimika. Akauweka chini, akajifuta mikono kwenye suruali yake. "Nimeona, Mwalimu. Nimeelewa. Mimi siko mujinga. Sasa uniambie, nipeleke batoto wapi?"

Nimefanya mitihani mingi maishani, nchini na nje, na nimeishinda. Swali lile liliniacha nikizungusha kamba kwenye kopo. Mama Furaha alimtazama mume wake, kisha akanitazama mimi, na nikaelewa kwamba tangu dakika ile nilikuwa nimewaondolea hata usingizi. Jana yake walilala kama watu. Kuanzia usiku ule wangelala wakijua.

Nilianza kutafuta. Mkuu wa kambi ya wakimbizi alinionyesha watu waliolala kwenye mvua wakisubiri nafasi kabla yao. Parokiani walikuwa wamelala mpaka kwenye ngazi za altare. Mwenye shamba la juu ya bonde, ambaye ardhi yake ilikuwa nyasi tupu, alinisikiliza kwa makini sana, akasema akiruhusu mmoja wataingia wote. Diregiteri nilimkuta ofisini akipiga pasi karatasi za hotuba kwa kiganja. "Uani kwa shule? Na inspekteri anakuja? Mwalimu, unataka akute nini hapa, nyota ao masufuria?" Nilirudi chumbani nimechoka hata kula sikuweza, na kupitia ukuta nilimsikia Mama Kavira akisema: "Leo mutu wetu wa nyota hajala. Atakuwa mugonjwa ya mapenzi." Furaha alikuja shuleni kila siku na macho mekundu. Aliniambia baba na mama yake wanalala kwa zamu. Mmoja anaketi na mshumaa ndani ya kopo lililowekwa chini, wa pili anafumba macho. Mshumaa ukizimika, wanawabeba watoto juu ukingoni na kukaa nao kwenye baridi mpaka jua litoke. Mishumaa ile ilikuwa ya darasa langu. Ilikuwa inakwisha.

Mahali pa bure palikuwepo, na kila mtu alipaona: kichwa cha mwamba kando ya barabara, juu, chenye upepo kutoka pande zote. Hakuna aliyekaa pale kwa sababu moja tu. Kigingi hakiingii. Bashi ya kawaida ingeruka usiku wa kwanza. Nilipita hapo mara nyingi wiki ile nikitazama chini kwa hasira, mpaka siku ya mkesha wa sherehe, nikiwa nimesimama uani mwa shule nikipanga mawe juu ya miguu ya hema langu, mikono yangu ikaelewa kabla ya kichwa. Nilikuwa nimeshika jiwe, na fremu ile haikuhitaji kigingi. Niliketi juu yake. Nilijua hema lile ni mshahara wangu wa Leta, ni jibu langu kwa wote waliocheka, na kwamba bashi si zangu, mbao si zangu, hata kamba si zangu. Diregiteri alitoka akaniona naondoa mawe. "Unafanya nini?" Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Ukiishusha iyo, kesho nitamuambia inspekteri kwamba sikujui." Nikamwambia basi ampe salamu zangu.

Watoto waliibeba fremu mabegani kama jeneza, wengine wamebeba bashi zilizokunjwa, na mbele yetu watu walikuwa wanatupisha kwa sababu walidhani tunakwenda kuzika. Juu ya mwamba tuliisimamisha, tukapanga mawe. Ndipo Mama Furaha akaingia ndani, akatazama juu, akatoka. "Mwalimu, asanti sana. Lakini iyi nyumba yako iko na matundu kila fasi." Kilichokuwa fahari ya darasa langu kilikuwa sasa chujio. Mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka juu ya Nyiragongo. Tulikuwa na vipande vya mishumaa vilivyobaki, basi. Tukaviyeyusha kwenye kopo, na watoto wakapanda mabegani kwa wenzao wakaziba nyota kwa nta, moja moja, wakibandika vipande vya gazeti juu yake. Walizitaja wakiziziba. "Msalaba iko tayari!" "Uongeze pale, ingali inangaa!" Furaha aliziba Kilimia mwenyewe, akaikandamiza nta kwa kidole gumba mpaka kidole kikawa chekundu. Mvua ilinyesha jioni ile kama kawaida ya Goma, kwa hasira. Baadhi ya nyota zilivuja. Familia ilikaa upande usiovuja, ndama katikati yao, wakiwa hai, na Papa Furaha alikuwa ameketi mlangoni akipigwa na ule upepo anaouchukia.

Kesho yake inspekteri alikuja, akakuta mawe matupu uani. Alitazama vitabu, akala kuku, akaondoka. Sikuingizwa kwenye mshahara wa Leta. Ningeweza kumaliza hapa na kusema ilistahili, lakini sivyo ilivyokuwa. Mchana uleule watu wengine waliofika kutoka Masisi waliliona bonde: udongo laini, hakuna upepo, kibanda kimekwisha kujengwa. Waliingia. Nilikimbia kule na kopo langu, lakini mishumaa ilikuwa imekwisha juu ya bashi, nikaazima kibatari, nikawaonyesha, na baba wa familia ile, kijana wa rika langu, akanijibu karibu maneno yaleyale ya Papa Furaha. Nilikuwa sina hema la pili. Walihamisha mikeka ukingoni, mvua ikawarudisha. Asubuhi moja isiyo na upepo mke wake aliamka kwa kukohoa, akawavuta watoto juu, akarudi kumvuta mumewe, na hakumaliza. Majirani walimtoa kwa kamba akiwa hai. Mume hakuwa hai. Nilikuta amelazwa kwenye nyasi, uso umetulia kabisa kama mtu anayesikiliza kitu. Mke aliniona na kopo langu mkononi. Hakunilaumu. Aliniuliza: "Na ile taa, ilikuonyeshaka fasi ya kwenda?" Darasa langu la sita lilikuja bila kuitwa. Tulibeba mawe ya lava kutwa nzima na siku zilizofuata, tukajaza shingo la bonde mpaka hakuna mtu wala mbuzi angeweza kushuka. Mikono ya watoto ilitoka damu. Hakuna mzazi aliyekuja kulalamika.

Wenye vitu vyao walikuja, na walikuwa na haki. Mama Kavira alipiga kelele uchochoroni mpaka watu wakafungua madirisha: "Bashi yangu iko wapi? Ulizitoboa? Ulizitoboa na misumari? Weye ni mwalimu ao ni panya?" Papa Elie alikwenda juu ya mwamba kuchukua mbao zake, akawakuta watoto wamelala chini ya mbao hizo, akarudi mikono mitupu na kunitukana mimi. Taa ya Muzee Bagalwa ilibaki na mjane wa bonde, kwa sababu nilimpa, ili apate kitu cha kuwasha. Sikuwahi kumwomba airudishe. Wote watatu niliwaambia nitalipa, na wote watatu walicheka kama diregiteri. Nilifanya kazi. Masomo yakiisha nilishuka Kituku, nikabeba magunia ya makaa na mikungu ya ndizi kutoka kwenye mitumbwi inayotoka kisiwa cha Idjwi, mimi mwenye diploma, na wapagazi wakiniita "Profesa" na kunipakia gunia la pili. "Profesa, hiyo nayo ni sayansi!" Asubuhi nilifundisha na mgongo uliopinda. Watoto wangu wote walifaulu sayansi mwaka ule, hakuna aliyeanguka, na hilo liandikwe.

Muzee Bagalwa nilimpelekea taa mpya. Aliitikisa, akaiwasha mchana kweupe, akasema mwanga wake ni mkali kuliko wa ile ya zamani, kisha akanigeukia kwa hasira kwa kuwa alikuwa amezoea kunidharau na sasa hakuwa na sababu. Papa Elie nilimpelekea mbao, akazipiga kwa kifundo cha kidole moja moja akitafuta kasoro, akakosa. Wa mwisho alikuwa Mama Kavira. Nilipita mlango wa mbele wa duka, si wa nyuma, saa wanawake wake wote walipokuwepo, nikaziweka bashi mbili mpya juu ya magunia ya maharagi, zimekunjwa, zikinuka kiwanda. Alizifungua, akapitisha mkono kila upande, akazikunja tena. Sikuwa na deni la mtu yeyote Goma nzima, na nilitaka kila mmoja pale aone hivyo usoni mwangu.

"Sawa," alisema Mama Kavira. "Umelipa. Mutu akilipa hivi, anacheka. Weye mbona uko na sura ya matanga? Sema."

Nikamwambia kuna bonde jingine, nyuma ya machimbo ya mawe, na tangu Jumapili watu wameingia humo na watoto wao.

Aliwatazama wanawake wale, mmoja mmoja, kana kwamba ni wao walionituma. Akavuta bashi moja kwake, akaisukuma ya pili kifuani kwangu.

"Moja yangu. Iyi, kamata. Na usikawie, mvua inakuja."

Nikaikamata.